Kiegemeo cha mshale kwa upinde wa kapi: kipi kinafaa kuwindia?

Kiegemeo ni kifaa kidogo kinachoubeba mshale kwenye upinde mpaka ufyatuliwe; upinde wa kapi ni ule wenye magurudumu na kebo kwenye ncha zake. Mazungumzo mengi kuhusu viegemeo huishia kwenye usahihi: kipi kinaugusa mshale kidogo zaidi, kipi kinaupeleka umbali mrefu bila kuyumba. Kwa mlenga shabaha uwanjani hayo ndiyo ya maana. Mwindaji ana shida nyingine. Anapita vichakani, anapanda mti, anakaa saa nzima na mshale ukiwa upoteni, kisha anavuta upinde mikono ikitetemeka. Kwa mita 20 au 30, kiegemeo chochote cha maana kilichofungwa vizuri kitakufikishia mshale pale ulipolenga. Kwa hiyo mimi navipanga kwa swali moja: je, mshale utabaki mahali pake mpaka niufyatue?

Nafasi ya kwanza: cha kudondoka, cha kebo, chenye kufuli

Hiki kina kidole cha umbo la U ambacho unakisimamisha kwa dole gumba kikajifunga, na mshale ukawa umezingirwa pande zote. Pindua upinde juu chini, mshale hauendi popote. Kikamba chembamba kimeunganishwa na kebo inayoshuka upinde unapovutwa. Ukifyatua, kidole kinaanguka kabla manyoya ya mkiani mwa mshale hayajafika, na mshale unapita bila kukwaruzwa. QAD UltraRest HDX ni mfano unaojulikana sana wa aina hii.

Ila kinachonifanya nikiweke juu si kuanguka kwake, ni pale kinapokataa kuanguka. Umeshavuta, mnyama akageuka, ikabidi uurudishe upote taratibu: kidole kinabaki juu. Vile vya kebo visivyo na kufuli hushuka palepale, mshale ukagonga mpini (sehemu ya katikati ya upinde unayoishika), na hapo windo limekwisha. Ubaya wake ni kwamba urefu wa kikamba lazima uwe sawasawa, na mara nyingi utahitaji fundi mwenye mashine ya kubana upinde ili kukifunga kwenye kebo. Pia kina springi na vipande vidogo ndani, na matope hayavipendi.

Nafasi ya pili: cha brashi

Wajuzi wengi hukidharau, nami naona wanakionea. Whisker Biscuit, maarufu kuliko vyote vya aina hii, ni duara lililojaa nywele za brashi na tundu katikati; nywele za chini ni ngumu zaidi kwa sababu ndizo zinazobeba mshale. Hakuna kamba, springi wala kufuli. Kama ndiyo kwanza unaanza, nunua hiki uachane na hayo mengine kwa sasa.

Gharama yake ni kwamba manyoya hupita katikati ya brashi kila unapofyatua. Mshale unapoteza mwendo kidogo, futi chache kwa sekunde, na mnyama hatautambua upungufu huo. Manyoya ya ndege huchakaa haraka humo. Tumia ya plastiki, mafupi na magumu. Chagua ukubwa wa tundu kulingana na unene wa mishale yako, na kagua nywele mara kwa mara, kwani zikilegea mshale hushuka kidogo na shabaha inahama. Mahali penye theluji au barafu, brashi iliyolowa huganda. Hapo kishushe daraja.

Nafasi ya tatu: cha kudondoka kinachoendeshwa na mkono wa upinde

Hapa kikamba kinafungwa kwenye mkono wa upinde, yaani ile sehemu inayopinda unapouvuta. Upinde ukiwa umetulia, mkono unakivuta kidole chini. Ukivuta upote, kikamba kinalegea na springi inakiinua. Kinaubeba mshale kwa sehemu ndefu zaidi ya safari yake, kinarekebishwa bila mashine ya kubana, na kikamba kikikatika kidole hubaki juu, kwa hiyo bado unaweza kupiga. Hamskea na Vapor Trail wanavitengeneza vizuri sana. Kwa usahihi mtupu ningekiweka cha kwanza. Lakini kabla ya kuvuta, kidole kiko chini na mshale umekaa tu ndani ya fremu inayouzuia usianguke, ukichezacheza. Kwa anayewinda kwa kuvizia juu ya mti haina neno. Kwa mtembezi, inaudhi.

Vya ulimi mwembamba wa chuma na vya vijiti viwili waachie wa uwanjani. Mshale huanguka ukiinamisha upinde tu.

Kabla ya kulipa

Viegemeo vingi vina cha mkono wa kulia na cha kushoto, na watu hukosea hapo kuliko unavyodhani. Tazama pia namna ya kufunga: pinde nyingi zina tundu la skrubu ya inchi 5/16 kwenye mpini, na mpya kadhaa zina reli mgongoni inayokishika kiegemeo kisizunguke. Kama upinde wako una reli, nunua cha reli. Skrubu za kusogeza kidogokidogo kushoto, kulia, juu na chini zina thamani kuliko rangi na nakshi. Kama hakikuja na kitambaa laini cha kubandika mshale unapogusa, bandika mwenyewe. Mshale wa kaboni ukikwaruza chuma husikika mbali porini.

Ukishakifunga cha kudondoka, pulizia poda ya miguu kwenye manyoya na kwenye kidole, kisha piga mshale mmoja. Poda ikiwa na mistari, manyoya yanagusa: zungusha kidogo kipande cha mkiani mwa mshale kinachoshika upote, na kama bado, rekebisha urefu wa kikamba.