Kitabu cha mtumba cha buku tatu kimenirudisha kwa bibi Kongwa

Jamani nimenunua kitabu cha mtumba pale karibu na soko la Majengo, buku tatu tu, kinaitwa Cider with Rosie cha Laurie Lee, kilitoka 1959. Jamaa anasimulia utoto wake kijiji cha Slad, Gloucestershire huko Uingereza, baba kawakimbia, mama analea watoto kibao kwenye nyumba kuukuu. Kinaanza ana miaka mitatu, kashushwa kwenye mkokoteni, majani marefu kuliko yeye, analia. Mi nikakumbuka nilivyoshushwa na basi Kongwa likizo ya kwanza kwa bibi, mtama umenizidi urefu, vumbi mpaka kwenye kope, nikaangua kilio hivyo hivyo.

Ila utamu wenyewe ni wale bibi wawili majirani, mmoja juu mmoja chini na hawapatani hata kidogo, mmoja anatengeneza mvinyo wa maua, mwenzie kazi kunusa ugoro. Ugoro! Bibi yangu alikuwa na wake kwenye kikopo kafunga pindo la kanga, anabana kidogo kwa vidole, anavuta, halafu chafya moja mpaka kuku wanatawanyika, na mi siku zote nilijua mambo hayo ni ya kwetu Ugogoni tu.

Kiingereza chake kina mbwembwe, dikshenari ikae karibu. Na muuzaji kanipiga, kurasa mbili za katikati hazipo, kumuuliza ananijibu "sista, kwa bei ile ulitaka na kurasa zote?" Nyota nne, hiyo moja nimemkata yeye.