Eti nilete barua ya mwenyekiti kuthibitisha mimi ni mlevi

Niseme mapema kwamba kikao chenyewe cha kuacha pombe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na dirisha la mapokezi, na kila nikikumbuka mkono unatetemeka, safari hii si kwa pombe.

Kipo kikundi hapa Mtwara mjini cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana jioni kwenye chumba cha nyuma cha kituo kimoja cha huduma, kituo chenyewe sikitaji. Kukipata ni kazi. Bango hakuna, na ukiulizia watu wanakupeleka kwa mganga au kwenye maombi. Mimi nilielekezwa na dereva wa bajaji, na alinong'ona ingawa tulikuwa wawili tu.

Nikafika. Foleni ya akina mama na watoto mpaka barazani. Nikasogea dirishani, nikasema taratibu, samahani dada, naulizia kile kikao cha jioni. "Kikao gani?" Kile cha kuacha. "Kuacha nini, baba?" Nikaonyesha kwa mkono, kama mtu anayeinua kikombe. Akageuka, akapaza sauti kwa mwenzake huko ndani: "Eti wale walevi siku hizi wanakaa chumba gani?" Foleni nzima ikanigeukia, na humo yumo shemeji yangu.

Hilo ningelimeza. Akafungua daftari: majina matatu, mtaa, simu, jina la balozi. Halafu, "Barua ya mwenyekiti wa mtaa unayo? Inayosema una tatizo la pombe. Bila barua huingii, ndio utaratibu."

Utaratibu wa nani? Vikao vya aina hii, vile vya AA (Alcoholics Anonymous) vinavyofuata hatua 12 za kuacha pombe, vilianza Akron, Marekani, mwaka 1935, na walevi wawili: mmoja mtu wa biashara ya hisa, mwingine daktari. Mpaka leo kwenye vikao wanatajwa Bill W. na Dokta Bob, basi, bila majina ya ukoo. Sharti la kujiunga ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Kiingilio hakuna, ada hakuna. Sisi tumeongeza muhuri.

Kwa hasira nikaenda kuitafuta hiyo barua. Mwenyekiti nilimkuta kibarazani kwake, pembeni ya kiti kidumu cha uraka, ile pombe ya mabibo. Ulikuwa msimu wa korosho, na mnajua mabibo yakianza kuanguka huku kwetu hali inavyokuwa: uraka kila nyumba, wenye nipa, ile kali ya kukeneka, nao wanapika usiku, hela za mnada zikiingia ndio kabisa. Mzee akaandika kwa mkono, "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu na ni mlevi anayefahamika." Akaupulizia muhuri pumzi, akagonga. Haukutoka vizuri, akagonga tena juu yake, zikawa duara mbili zilizopishana. Akataka hela ya wino. Kisha, Mungu ni shahidi, akanikaribisha kikombe.

Nikairudisha barua. Dada akaisoma yote, midomo ikicheza, akaitoboa matundu mawili akaifunga kwenye faili. Faili!

Sasa kikao. Viti vya plastiki, chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha kwenye hotpoti. Jina langu hakuuliza mtu. Unaongea ukitaka, ukinyamaza hakuna anayekusukuma, na mwenzako akimaliza hakuna anayemjibu wala kumhubiria. Yaliyosemwa mle siyaleti hapa. Nitasema tu kwamba nilitoka nimenyooka mgongo, na siku iliyofuata nilipita karibu na soko nikaona vidumu vimepangwa, nikapita. Kwa hilo nilikuwa tayari kutoa nyota zote tano na yule dada nimsamehe.

Mpaka nilipomuuliza mzee anayeongoza habari ya barua. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, sisi hatujawahi kumwomba mtu barua. Hapa tumeazimwa chumba tu." Kumbe! Basi lile faili ni la nani, na linamsaidia nani?

Na kuna jambo linaninyima usamehevu. Siku ile nyuma yangu dirishani alisimama kijana, mikono kaificha mifukoni, jasho linamtoka na jua limeshapoa. Aliposikia "barua ya mwenyekiti" aligeuka akaondoka. Kwenye vikao sijamwona. Mtu wa hali ile, aliyezoea kunywa kutwa, akisema ataacha ghafla peke yake chumbani, kutetemeka kunaweza kufika mpaka degedege, na degedege hiyo inaua. Alitakiwa ashikwe mkono apelekwe kwa daktari, siyo kwa mwenyekiti. Kwa hiyo nyota tano nimezifuta. Kikao wapeni mnazotaka, mapokezi yale hayapati hata nusu, na barua yangu naitaka irudi kwangu, nitakuja kuifuata na shemeji akiwepo foleni nitamsalimia kwa sauti.

Mnaotaka kwenda, msipite mbele. Zungukeni upande wa tangi la maji, mlango wa uani unafunguliwa saa kumi na moja jioni. Mwenye kutetemeka aanzie hospitali kwanza, akisimama vizuri aje. Chai ipo, ila mihogo huisha mapema.