Safari za siku moja kutoka Glasgow: zipi zinastahili muda wako

Kila mgeni anayefika Glasgow hukutana na matangazo ya mabasi ya watalii yanayoondoka asubuhi na mapema kuelekea Loch Ness na kurejea usiku, baada ya safari ya saa 12 hivi. Ziwa hilo lina urefu wa takriban kilomita 37 na kina kinachofikia mita 230, na magofu ya ngome ya Urquhart yaliyo ukingoni mwake yana historia nzito, kwa kuwa askari waliokuwa wakiilinda waliilipua wenyewe mwaka 1692 ili maadui wasije wakaitumia. Hata hivyo siwezi kuipendekeza safari hiyo kwa mtu mwenye siku moja tu, kwa sababu sehemu kubwa ya siku hiyo huishia kitini. Ninapozipima safari hizi naangalia kwanza msafiri atapata muda gani wa kutembea kwa miguu yake mahali penyewe, na kwa kipimo hicho sehemu zilizo karibu zaidi na Glasgow zinaishinda Loch Ness pakubwa.

Anayetaka kuiona milima ya Nyanda za Juu za Scotland bila kufika mbali kiasi hicho achague Glencoe. Barabara hupita kando ya Loch Lomond, ambalo kwa eneo lake la kilomita za mraba 71 ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania, kisha hukata nyika ya Rannoch na kushuka katika bonde lililozungukwa na kuta za miamba ya volkano ya kale. Uzuri wa bonde hilo unaonekana na kila mtu. Kinachohitaji kuelezwa ni yaliyotokea humo. Mfalme William III aliwataka wakuu wa koo wawe wamekula kiapo cha utii ifikapo Januari 1, 1692. MacIain, mkuu wa akina MacDonald wa Glencoe, alikwenda kwanza Fort William, akaambiwa kwamba ofisa wa pale hakuwa na mamlaka ya kupokea kiapo chake, ikambidi asafiri katikati ya baridi hadi Inveraray, akafika akiwa amechelewa. Wanajeshi wa serikali waliokuwa chini ya Kapteni Robert Campbell walipokelewa bondeni kama wageni, wakala na kulala katika nyumba za ukoo huo kwa karibu wiki mbili, kisha alfajiri ya Februari 13 wakawageukia wenyeji wao na kuwaua watu wapatao 38, huku wengine wakifa kwa baridi walipokimbilia milimani. Sheria ya Scotland ya wakati ule ilihesabu mauaji ya kuvunja uaminifu wa namna hiyo kuwa mabaya kuliko mengine yote.

Kwa bahati mbaya, ziara nyingi za mabasi husimama Glencoe kwa dakika chache tu katika eneo la kuegesha magari, watu wakapiga picha na kuondoka. Ni afadhali kupanda basi la kawaida la masafa marefu kutoka stesheni ya Buchanan, ushuke bondeni asubuhi na urudi kwa basi la jioni. Mwezi Juni mwanga hudumu hadi karibu saa 4 usiku, kwa hiyo hakuna haraka, ingawa majira hayo ndiyo pia ya visubi, ambao huuma kwa wingi siku zisizo na upepo. Mafuta ya kuwafukuza ni ya lazima. Desemba, jua likiwa limekwishazama kabla ya saa 10 alasiri, safari hii siishauri.

Stirling ni jambo jingine. Treni kutoka stesheni ya Queen Street haifikishi hata saa moja, na ngome iko juu ya jabali unaloweza kulipanda kwa miguu kutoka stesheni kupitia mji wa kale. Ukisimama kwenye kuta zake unaelewa mara moja kwa nini mahali hapa palipiganiwa mara nyingi: kwa karne nyingi hapa ndipo palipokuwa na daraja la mwisho la mto Forth kabla haujapanuka kuelekea bahari, na upande wa magharibi kulikuwa na vinamasi, hivyo jeshi lolote lililotaka kwenda kaskazini lililazimika kupita chini ya jabali hili. Septemba 11, 1297, viongozi wa Waskoti William Wallace na Andrew Moray waliliacha jeshi la Uingereza lianze kuvuka daraja jembamba la mbao, wakangoja hadi sehemu yake tu ilipokuwa imevuka, ndipo wakashambulia. Daraja la mawe linaloonekana leo ni la baadaye, lakini mkondo wa mto na tambarare inayouzunguka vinatosha kumfanya mtu aione mbinu hiyo kwa macho yake. Moray alifariki dunia baada ya kujeruhiwa, na ninasikitika kwamba jina lake limesahaulika mno ikilinganishwa na la mwenzake.

Ndani ya ngome, mambo mawili yanastahili muda mrefu. La kwanza ni Ukumbi Mkuu wa Mfalme James IV, uliokuwa umegeuzwa kambi ya wanajeshi hadi mwaka 1964, na ambao baada ya kukarabatiwa ulipakwa chokaa ya manjano inayong'aa kiasi cha kuonekana kutoka mbali sana bondeni. Wapo walioipinga rangi hiyo. Mimi naiunga mkono, kwa sababu humkumbusha mtazamaji kwamba majumba ya wafalme hayakuwa ya kijivu kama tulivyozoea kuyafikiria. La pili ni kasri la James V, ambalo dari yake ina nakala zilizopakwa rangi za vichwa vilivyochongwa kwa mwaloni mnamo miaka ya 1540. Vichwa vya asili vimewekwa katika chumba tofauti, na nashauri uvione hivyo kwanza, kisha urudi chini ya dari. Mnara wa Wallace ulio kilima cha pili, uliofunguliwa mwaka 1869, una ngazi 246 nyembamba za kuzunguka. Mandhari ya juu ni mazuri, lakini mwenye muda mfupi anaweza kuuacha bila kupoteza kikubwa. Tiketi ya ngome ni vyema kuinunua mtandaoni mapema.

New Lanark, karibu saa moja kwa treni kutoka Glasgow Central hadi mji wa Lanark na kisha mwendo wa kuteremka bondeni, ni kijiji cha kiwanda cha pamba kilichoanzishwa na David Dale mwaka 1785 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mkwe wake Robert Owen, aliyechukua usimamizi mwaka 1800, aliacha kuajiri watoto wa chini ya miaka 10, akafungua shule ya watoto wadogo, na akaendesha duka lililouza bidhaa nzuri kwa bei nafuu. Maonyesho yanamsifu sana, na sifa nyingi anazistahili. Hata hivyo usipite haraka mbele ya kile kipande cha mbao chenye pande za rangi nne kilichotundikwa kando ya kila mfanyakazi, kikionyesha kwa rangi kama siku iliyopita alifanya kazi vizuri au vibaya: wema wa Owen uliandamana na uangalizi usiokoma. Maporomoko ya Clyde yaliyo juu ya kijiji hupungukiwa na maji, kwa kuwa tangu miaka ya 1920 sehemu ya mto huelekezwa kwenye mitambo ya umeme, kwa hiyo yatembelee baada ya mvua kubwa.

Safari ninayoiweka juu ya zote kwa msomaji wa Kiswahili ni fupi kuliko zote: Blantyre, dakika 20 hivi kwa treni. Hapa, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda kingine cha pamba ambacho Dale alishiriki kukianzisha, David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, na familia yake nzima iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi ya kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia alfajiri hadi usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Kukiona chumba hicho kulinifunza juu ya mtu huyo zaidi ya sanamu zake zote. Pamba iliyolisha viwanda vya namna hii ilitoka kwa sehemu kubwa katika mashamba ya watumwa ng'ambo ya Atlantiki, na mtu aliyekuja kuipinga biashara ya utumwa Afrika Mashariki alikulia ndani ya mnyororo huo.

Makumbusho ya Blantyre yalifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa, na kilichobadilika zaidi ni nafasi waliyopewa Waafrika waliomwezesha Livingstone kusafiri. Abdullah Susi na James Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kwa mtemi Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874 baada ya miezi kadhaa ya mwendo wa miguu, sasa wanatajwa kama watu wenye maamuzi na ujuzi wao. Bado ningependa sauti zao zisikike zaidi, na Kiswahili, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya misafara ile, kipewe nafasi iliyo wazi zaidi katika maelezo. Tenga saa tatu kwa nyumba, maonyesho na bustani. Muda ukibaki, magofu ya mawe mekundu ya ngome ya Bothwell, iliyotekwa na Mfalme Edward I wa Uingereza mwaka 1301, yako kando ya mto huohuo wa Clyde, si mbali na hapo.