Huduma ya Kuwakilishwa Bungeni: Nyota Tatu, Tena kwa Shingo Upande

Nimekuwa mteja wa huduma hii tangu nitimize umri wa kupiga kura, na siku ya uchaguzi yenyewe sina ugomvi nayo. Unapanga foleni, unapewa karatasi, unaweka alama bila mtu kukuchungulia, unatumbukiza sandukuni huku mawakala wakitazamana kwa jicho la pembe. Kwa siku hiyo natoa nyota zote tano. Shida ni kwamba mambo makubwa hufanyika kabla hujafika kituoni, na baada ya wewe kuondoka.

Tazama ile karatasi. Majina yaliyomo hukuyaweka wewe, chama ndicho kilichoyachuja. Kwenye jimbo ambalo chama kimoja hakijawahi kushindwa, mbunge hupatikana kwenye mchujo, mbele ya wanachama wachache au kikao cha viongozi. Uchaguzi mkuu unakuja kugonga muhuri tu.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wateja wengi hawaangalii. Uingereza, Julai 2024, chama cha Labour walipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata kama asilimia 14, wakaambulia viti 5. Liberal Democrats, wenye asilimia 12 tu, wakaondoka na 72! Wala hakuna aliyeiba kura. Anayeongoza jimboni huchukua kiti, wa pili hana chake. Kura za Reform zilitapakaa nchi nzima, za Liberal Democrats zilirundikana mahali panapofaa. New Zealand waliuchoka mfumo wa namna hiyo, wakaukataa kwa kura ya maoni mwaka 1993, na tangu 1996 mpiga kura ana kura mbili: ya mbunge wa jimbo na ya chama, na hiyo ya chama ndiyo inayoamua kila chama kipate viti vingapi. Mfumo huo nao una gharama yake. Mara nyingi serikali huundwa kwa vyama kukaa mezani baada ya uchaguzi, na ilani uliyoipigia kura inapunguzwa huku na kule wakati wewe uko nyumbani. Hata hivyo, mimi ningeuchukua huo.

Sasa bungeni kwenyewe. Niliwahi kuketi sehemu ya wageni. Viti vingi vilikuwa vitupu, msemaji anahutubia migongo ya viti. Kengele ya kura ikalia, wakamiminika, na mmoja akamwinamia jirani yake kuuliza, "Tunapiga ndiyo au hapana?" Jibu lilikuwa limeshatoka kwa kiranja wa chama, yaani mbunge anayesimamia wenzake wapige kura kama chama kinavyotaka. Sikumlaumu sana; anayekaidi huenda akakosa nafasi kwenye kamati, au jina lake likaachwa kwenye mchujo ujao.

Na kamati si jambo dogo. Muswada ukiingia umeandikwa "Waziri atalazimika kutoa taarifa" ukatoka "Waziri anaweza kutoa taarifa", madaraka yameshahama, na hakuna gazeti litakaloliweka hilo ukurasa wa mbele.

Huduma baada ya mauzo ni hafifu. Uingereza wana sheria ya mwaka 2015 inayoruhusu asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo kumwondoa mbunge kwa saini, lakini shughuli hiyo haianzi hadi ahukumiwe kwa makosa fulani, au bunge lenyewe limsimamishe kwa muda. Kukusaliti kwa kura zake hakumo. Uswisi wako mbali zaidi: saini 50,000 ndani ya siku 100, na sheria iliyopitishwa na bunge inarudi kwa wananchi waiamue. Laiti wengine wangeiga.

Kwa anayetaka kufaidi huduma hii: jiandikishe kupiga kura kwenye mchujo wa chama, hata kama chama chenyewe hukipendi sana. Fuatilia ratiba ya kamati, achana na hotuba. Ukipeleka maoni, taja namba ya kifungu na uandike maneno unayotaka yawekwe badala ya yaliyopo. Barua ya kulalamika kwa jumla hujibiwa kwa shukrani, kisha inaingia kwenye faili.