Saiti ya upinde kwa anayeanza: ipi ununue, ipi uachane nayo

Hapa Dodoma ukitaja upinde watu wanawaza Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa, na kweli wale saiti (kifaa cha kulengea kinachofungwa kwenye upinde) ya nini, jicho na mkono vimezoeana tangu utotoni. Wewe uliyeanza ukubwani ndo unaihitaji, maana inakufanya ulenge vilevile kila mshale, kwahiyo ukikosa unajua pa kurekebisha. Ila kabla hujatoa hela angalia upinde wako ni rikavu (ncha zake zimepinda kwenda mbele) au kompaundi (una magurudumu kwenye ncha), na kama ubavuni juu ya mshiko kuna matundu mawili ya skrubu, pinde nyingi za mbao za bei ya chini hazina na usijaribu kutoboa mwenyewe utaupasua.

Namba moja kwa rikavu, na hapa sibishani na mtu, ni saiti ya kawaida ya aluminiamu yenye mkono unaotokeza mbele na kaduara kamoja ka kulengea. Mtandaoni zinaanzia kama dola 30 hivi, bado usafiri na ushuru. Ikifika kaza skrubu zote, halafu shika kale kaduara kwa ncha za vidole ukatikise juu chini, kushoto kulia, kakicheza rudisha hiyo saiti, kwa sababu milimita 1 tu pale mbele ya jicho ukiwa mita 18 inakuwa karibu sentimita 2 kwenye shabaha, sasa hapo utajilaumu wewe kumbe ni skrubu. Halafu vumbi letu la kiangazi jamani, linaingia kwenye meno ya skrubu mpaka inakwaruza ukiizungusha, usipake oili maana ndo inalinata zaidi, chukua mswaki mkavu usugue yaishe. Na ukishapata sehemu yako ya mita 18 weka alama ya kalamu kwenye ile rula ya saiti, mtikisiko wa kila mshale unalegeza vitu taratibu bila wewe kujua.

Kwa kompaundi chukua ya pini tatu (vijiti vya kulengea, kila kimoja na umbali wake) yenye kipima maji kidogo cha kuonyesha kama upinde umeinama. Pini tano zinajaza macho bure, anayeanza anachanganya ipi ni ya umbali gani. Pini ziwe nyembamba, za inchi 0.019 zinatosha, kwa jua letu la saa saba faiba nene (kale kauzi kanakong'aa kwenye pini) inawaka hadi inafunika shabaha. Na hakikisha kwenye uzi kuna pipu (kaduara ka kuchungulia), bila hiyo jicho halikai sehemu moja.

Ya plastiki naiweka ya tatu, mtoto anayepiga mita 10 inamfaa, mtu mzima itamchosha mapema. Ya nne ni ya kompaundi yenye pini moja ya kuteleza, nzuri sana lakini inataka ujue umbali kabla ya kila mshale, hiyo subiri kwanza.

Leza usinunue kabisa. Taa yake inakwenda mstari mnyoofu wakati mshale unashuka, mchana huioni, na kwenye mashindano ya World Archery (shirikisho la dunia la mchezo wa upinde) vifaa vya umeme vya kulengea haviruhusiwi. Ya lensi nayo kwa rikavu hairuhusiwi.

Shibuya na Axcel, chapa za bei kubwa, ni saiti za kweli, sikatai, ila hela hiyo kwa sasa inunulie mishale inayolingana ugumu na urefu, hakuna saiti itakayokusanya sehemu moja mishale isiyofanana.

Kurekebisha ni rahisi, fuata mshale: ukienda kushoto peleka kaduara kushoto, ukipanda juu kapandishe. Upinde laini wa paundi 20 (nguvu ya kuuvuta), ukisogea mita 30 utakuta kaduara kameshuka hadi kanakaribia njia ya mshale, hapo vuta ule mkono wa saiti karibu na upinde, utapata nafasi. Na ukiagiza andika wazi unavuta kwa mkono upi, ya mkono wa kulia haimfai wa kushoto na kuirudisha kutoka huku ni gharama nyingine.