"Chaja ni Chaja, Dada": Uzoefu Wangu wa Kununua Laptopu ya Gemu

Laptopu ninayotaka kuilalamikia ndiyo hii hii ninayoandikia malalamiko, na hapo ndipo ugumu wa kuitolea hukumu ulipo. Haijaungua, haijapasuka kioo, wala haijanigomea asubuhi hata moja. Hasira yangu yote iko kwenye waya wake wa umeme, na kwenye maneno niliyoambiwa na mtu aliyeniuzia, maneno ambayo nikiyakumbuka nikiwa darasani chaki hunivunjikia mkononi: "Chaja ni chaja, dada."

Nianze na fedha, kwa sababu asiyejua fedha ilivyopatikana hataielewa hasira. Tuko walimu kumi katika mchezo wetu pale shuleni, kila mmoja hutoa shilingi 150,000 kwa mwezi, na zamu yangu ilipofika niliamua, kabla ndugu hawajapata habari, kwamba safari hii fedha ya mchezo itanunua michezo. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, na jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari napenda gemu za mbio za magari, kwa kuwa gari la kweli sina na kwa mshahara huu sidhani kama nitalipata karibuni.

Kwa shilingi 1,500,000 uwanja wa kuchagua ni mwembamba. Laptopu mpya kabisa ya kiasi hicho huwa ni ya kuandikia barua, haina kadi yake ya grafiki, inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa, na ukiipa gemu nzito unaisikia ikihema. Kompyuta ya mezani ingenipa nguvu kubwa zaidi kwa fedha ileile, lakini mimi ni mpangaji, umeme ukikatika katikati ya mbio kompyuta ya mezani huzima palepale, na siku ya kuhama lazima niikodie bajaji yake peke yake. Nikabaki na mtumba, yaani zile laptopu zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya zikiwa zimeshatumika, ambazo kwa bei hiyo humpa mtu kadi ya kweli ya gemu kama haogopi mikwaruzo kwenye mfuniko.

Katika kusoma kwangu nilijifunza jambo moja nikalishika kama amana, nalo ni kwamba jina la kadi halitoshi. RTX 3050 ya laptopu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, ipo inayopewa wati 35 na ipo inayopewa wati 80, kadiri mtengenezaji wa mashine alivyoona inafaa kwa unene wake na feni zake, na ukizishindanisha hizo mbili kwenye gemu moja huwezi kuamini kwamba zinatumia jina moja. Yenye wati chache unaweza kuikuta inakaribiana na GTX 1650 ya mwaka 2019 iliyopewa umeme wa kutosha. Kwa hiyo niliingia Kariakoo nikiwa na swali langu la wati mdomoni, nikamuuliza kila muuzaji kadi yake inapewa wati ngapi, na wengi wakanitazama kama niliyeuliza bei ya mwezi. Wati za chaja sikuziuliza hata mara moja.

Aliyenifikisha kwenye duka lile alikuwa winga, yaani dalali wa mtaani, kijana mwepesi wa maneno, na cha juu alichopata sina ugomvi nacho, kwa kuwa hiyo ndiyo riziki yake. Muuzaji alinipokea vizuri mno. Niliitwa dada yangu, nikavutiwa kiti, nikaletewa maji ya chupa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unamnunulia nani, dada yangu?" Nilipomjibu kwamba ninajinunulia mwenyewe, na kwamba ni ya gemu, alicheka kidogo akatazamana na mwenzake, nami nikalisamehe hilo kwa sababu nimeshalizoea. Akaiwasha, akachomeka chaja mbele ya macho yangu, akafungua gemu ya mpira, na kwa dakika tano kila kitu kilitembea kama maji mtungini. Kadi ilikuwa ile RTX 3050, na tulipoitazama kwenye programu yake ilisoma wati 75. Nililipa nikiwa na furaha ya kijinga. Nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye mhuri usemao "mali ikishauzwa hairudishwi", na mimi, ambaye huwaambia wanafunzi wangu wasinunue hata kalamu bila risiti ya mashine, nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Gemu ilianza vizuri, kisha nikaona alama ya betri ikishuka ilhali chaja imechomekwa: 100, 90, 75. Ilipofika karibu na 30 gari langu lilianza kwenda kwa kurukaruka, fremu, yaani picha zinazopita kwenye kioo, zikashuka kutoka sitini na kitu kwa sekunde hadi kumi na mbili, na usukani ukawa unajibu baada ya gari kuwa limeshaingia ukutani. Niliilaumu ekstensheni. Nikailaumu TANESCO, ambao kwa siku ile nadhani hawakuwa na kosa. Nikailaumu betri, kisha vumbi, nikaipeleka kwa fundi wa mtaani ambaye aliifungua, akapuliza feni, akabadilisha ile dawa ya kupozea prosesa, akachukua shilingi 25,000 zake kwa haki, na usiku ule gari likaingia ukutani vilevile.

Ilinichukua zaidi ya wiki nzima kuitazama chaja. Kwenye adapta yake duka lilikuwa limebandika stika ya waranti, wiki mbili, yenye saini, na ilikuwa imebandikwa sawasawa juu ya maandishi yanayoeleza umeme unaotoka. Niliibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na volti 19.5 na ampia 3.33, na ukizidisha, kama ninavyowazidishia watoto ubaoni kila mwaka, unapata wati 65. Prosesa ya laptopu hii peke yake huweza kutaka wati 45, kadi wati 75, hiyo ni 120 kabla hujahesabu kioo, feni na betri yenyewe inayotaka kujazwa. Chaja iliyotoka nayo kiwandani ni ya wati 150. Kwa hiyo kila nilipocheza mashine ilikuwa inakopa kwenye betri ili kufidia upungufu, na mkopo ulipokaribia mwisho ilijipunguzia mwendo ili isizime. Mashine ilikuwa na akili. Iliyokosa akili ni mimi, ambaye ninalipwa mshahara wa serikali kwa kufundisha kwamba nguvu ni volti mara ampia.

Nilirudi dukani siku chache kabla wiki mbili hazijaisha, kwa adabu zote, nikiamini kwamba ni bahati mbaya, kwamba chaja zimechanganywa wakati wa kupakua mzigo. Nilimweleza. Ndipo akaniambia kwamba chaja ni chaja. Nikamwonyesha maandishi. Akaniuliza, "Laptopu inawaka, haiwaki?" Nikasema inawaka. "Sasa tatizo lako nini?" Zile "dada yangu" za siku ya kwanza zilikuwa zimekwisha, nikabaki "wewe", na kiti nilichovutiwa siku ile alikuwa amekalia mteja mwingine anayeletewa maji. Nilipoendelea kueleza habari ya wati, aliipokea adapta mkononi, akaigeuza, akasema kwa sauti ya kusikiwa na duka zima kwamba nimebandua stika ya waranti, kwa hiyo waranti haipo tena. Kisha akamalizia, "Mwambie mumeo aje mwenyewe, nitamwelewesha." Sina mume, na hata ningekuwa naye asingejua ampia ni nini kabla sijamfundisha.

Ninajua kwamba tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na ninajua kwamba pana Tume ya kupokea malalamiko kama haya. Ninajua pia nilikuwa na risiti ya mkono, vipindi vinne kesho yake, na nauli ya daladala. Niliondoka.

Mtaa wa pili nikasimama kwenye meza ya fundi mmoja wa chaja, nikamweleza ninachotaka, naye akatikisa kichwa kwa huruma kabla sijamaliza. Aliniambia kwamba chaja kubwa za laptopu za gemu hutafutwa sana, kwa hiyo zipo laptopu ambazo hufika sokoni bila ya kwake, na kwamba chapa nyingine zina ule msumari mwembamba katikati ya kichwa cha chaja ambao kazi yake ni kuijulisha mashine inapewa wati ngapi. Ukichomeka ya kughushi mashine inaweza kuikataa au kujipunguzia mwendo hata kama betri imejaa. Maelezo hayo nilipewa bure, na yalikuwa bora kuliko yote niliyopewa kwenye duka lenye kiyoyozi. Akamtuma winga, yule akazama kwenye umati, na baada ya kama dakika kumi akarudi na adapta nzito kama tofali, volti 19.5, ampia 7.7. Shilingi 95,000, na hazikupungua.

Sasa lazima niwe mkweli, ingawa ukweli huu unaniuma. Tangu nichomeke chaja ile, laptopu hii ni ya ajabu. Betri inabaki 100 mbio zote, fremu hazishuki chini ya sitini kwa mpangilio wa kati, na feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga lakini joto linavumilika hata kwa usiku wa Dar es Salaam. Nikijumlisha laptopu, fundi wa feni na chaja ya pili, nimetumia shilingi 1,620,000, na kwa fedha hiyo sijaona mashine nyingine ya kuifikia. Usiku ule nilikuwa tayari kuandika kwamba duka lile, pamoja na ufidhuli wake, liliniuzia kitu kizuri kwa bei nzuri, na kwamba mwenye fedha kidogo aende tu, ila asome kwanza adapta. Mashine ningeipa alama nane katika kumi, na duka, kwa kujikaza, tatu.

Kisha nikaigeuza ile chaja ya pili ili niifute vumbi, nikaona stika. Rangi ni ileile, mhuri ni uleule, waranti wiki mbili, na saini yenye mkia mrefu ambayo nimeshaitazama mara nyingi mno kuisahau. Sina ushahidi kwamba ni chaja ya laptopu yangu mwenyewe niliyoinunua mara ya pili, kwa kuwa duka lile lina laptopu nyingi, kwa hiyo zile tatu nazifuta bila kumshtaki mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye chaja hii stika imebandikwa pembeni kabisa, mbali na maandishi, na volti na ampia zinasomeka zote. Hii sijaibandua.