Mashine ya kidole ya mahudhurio, maoni yangu kwa wenye lodge na hoteli Arusha

Tumefunga mashine ya kidole hapa lodge, upande wa Njiro, tukaachana na daftari la kusaini. Tumeichukua duka moja mjini, laki mbili na kitu, fundi wa kufunga juu yako. Kusainiana kumeisha kabisa, zamani mtu yuko Ngaramtoni anakunywa chai na jina lake limeshaandikwa kafika saa moja kamili.

Shida iko kwa watu wa laundri na jikoni. Vidole vimeliwa na maji na jiki, mashine inakataa, mdada anabonyeza anabonyeza huku foleni nyuma inasonya, mwisho anasomeka kachelewa wakati kafika kabla ya bosi. Dawa yake msajili vidole viwili vitatu kwa kila mtu, au mchukue ile inayosoma na kadi. Muuzaji hili hakulisema, ye alikua anasifia kioo tu. Na zamu za usiku ukizipanga vibaya mlinzi anahesabiwa hajaja, kumbe ndo anatoka asubuhi.

Nilichokipenda ni ripoti, unachomeka flashi unaipata kwenye Excel. Hapo ndo tukaona kwamba wanaokosekana sana ni akina mama wenye watoto wadogo, zamu ya alfajiri, maana mida hiyo vifodi vya huku, zile daladala ndogo, bado vya kubahatisha na bodaboda kila siku inakula mshahara, sasa meneja alikua anahubiri uvivu miaka yote! Tukawasogeza waingie saa mbili, na anayetaka kubadilishana zamu na mwenzake ruksa ilimradi aseme jana yake. Utoro umepungua sana, ila hapo mashine msiipe sifa zote jamani.

Wale mnaoitaka ili mkate mishahara, taratibu. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari kisheria ana siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, na mashine hayo haiyajui, inamuandika hayupo basi mpaka mtu aingize kwa mkono. Anayepotea zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ndo yuko pabaya, na bado lazima asikilizwe kwanza. Alama za vidole nazo ni taarifa binafsi, kuna sheria ya 2022, kwahiyo waambieni watu zinakaa wapi na nani anaziona.

Kama una wafanyakazi wachache unaowaona kwa macho baki na daftari lako. Wenye wengi chukueni ya kidole na kadi, na nendeni dukani na mtu wenu wa laundri ajaribu kabla hamjalipa.